Saa za Mwimbaji wa Peke Yake

Papa Deo anacheka kila nikisema ninastaafu. "Mutu wa miaka yako hastaafu," anasema, "anahama tu." Lakini nimekalia kile kiti cha plastiki cha mlangoni tangu nilipomaliza chuo kikuu. Nimeona waimbaji wengi wakitetemeka kabla ya kuimba, nami nikitetemeka pamoja nao, kwa hiyo moyo wangu umezeeka kuliko cheti changu cha kuzaliwa. Wiki ijayo ninaenda Kibumba kufundisha sekondari. Ninyi wawili mnaokuja kupanga saa za studio baada yangu, ninawaandikia haya kwa sababu Papa Deo hatawaeleza. Yeye ni fundi wa sauti na ndiye mwenye studio. Atawaonyesha jambo mara moja, akiwa amewapa mgongo, halafu atashangaa kwa nini hamjalijua.

Habari ya mshahara na vyeo sitaiandika. Kiti ni kimoja. Mtapokezana.

Nilipofika studio hapa Keshero, Goma, siku ya kwanza nilikuwa na shahada ya usimamizi, na kazi yangu ya mwisho chuoni ilihusu upangaji wa muda katika biashara ndogo. Niliona kama Mungu mwenyewe amenielekeza. Nilikuwa nimejizoeza salamu ya simu mbele ya kioo: moja ya Kifaransa kwa wateja wa ofisini, moja ya Kiswahili kwa wazee, moja fupi kwa vijana. Simu ilipolia nilizisema zote tatu bila kupumua. Upande wa pili sauti ya mwanaume ikauliza, "Hapa iko studio, ama nilipiga ku redio?"

Huyo ndiye mteja wangu wa kwanza. Nilimpangia alasiri, kwa sababu alasiri ilikuwa wazi. Papa Deo akaangalia ubao.

"Nani alikuambia alasiri?"

"Iko wazi, papa."

"Wazi kwetu. Uliuliza mama wa mulini?"

Sikujua kwamba kuna mama wa mulini. Mulini ni ile mashine ya kusaga unga iliyo nyuma ya ukuta wetu, na mama mwenye mashine husaga mihogo na mahindi ya mtaa mzima. Ikiwaka, hata mbao za sakafu zinajua. Jirani wa upande wa barabara anachomelea milango ya chuma. Juu yetu ni bati, na mvua ya Goma ikianguka kwenye bati, mwimbaji anaweza kufungua kinywa chote na kufunga, usione tofauti. Ongeza umeme, ambao huja na kwenda kama mgeni asiyeaga. Kwa hiyo hapa hatugawi saa. Tunatafuta kimya, tukikipata tunaita mtu aje kuimba ndani yake. Nilitumia miezi yangu ya kwanza kutembea mtaani na kusalimia kelele moja moja: mama wa mulini huzima anapokwenda kula, fundi wa milango hulala kidogo baada ya chakula ingawa atawaambia kwamba halali. Wasalimieni pia siku msizokuwa na shida nao. Mimi nilikuwa naogopa kwamba wataniona mnafiki, nikawa napita mara mbili mbele ya mulini kabla ya kuingia. Baadaye mama yule akaniambia, "Nilifikiri ulikuwa unatafuta wachumba."

Simu yenu itakuwa ile yenye kioo kilichopasuka. Msimpangie mtu kwa kusema tu saa nane, kwa maana mwingine atasikia kwa Kifaransa na kuja asubuhi. Semeni asubuhi au alasiri, na mrudie. Mwambieni asije na bangili, na asinywe kitu cha baridi njiani. Wanawake waambieni wasivae kitenge kipya, kwa sababu kitenge kipya bado kina uzito wa dukani, na mikro yetu inasikia kila mkunjo. Lakini hawatawasikiliza. Mtu anakwenda kurekodi wimbo wake wa kwanza, wewe unamwambia avae cha zamani? Ndiyo maana nyuma ya mlango kuna kitenge cha njano kilichofuliwa mpaka kikawa laini kama nepi. Ni cha studio. Mwombeni kwa heshima abadilishe, na msimwangalie anapokunja kile kipya.

Sasa waimbaji wa peke yao. Kwaya na makundi hayatawasumbua, wana viongozi wa kuwasumbua. Mwimbaji wa peke yake ndiye kazi, na kazi ya kwanza ni kwamba hayuko peke yake. Kijana mmoja wa Himbi aliniapia kwenye simu kwamba anakuja yeye tu. Akafika na mama yake, shangazi wawili, rafiki wa kumpiga picha, na nyanya yake aliyetaka kiti chenye mgongo.

"Ulisema uko peke yako," nikamwambia.

"Niko peke yangu. Hawa hawaimbe."

Nyanya akanitazama kwa huruma. "Mutoto anaingia mu chumba yenye haina dirisha, na batu hatumujue. Weye, wako ungemuacha aingie bila mutu?"

Sikuwa na mtoto, lakini nilijikuta ninafikiri kwamba nisingemwacha. Hivyo ndivyo ilivyo kwetu: mtu haendi hospitali peke yake, haendi kuomba kazi peke yake, na haendi kuimba peke yake. Wanamsindikiza. Shida ni kwamba wanaosindikiza wanakohoa, wanasali kwa sauti, na shangazi mmoja daima anataka kumwambia mwimbaji atabasamu, ingawa tunarekodi sauti. Papa Deo alikuwa akiwafukuza. Mimi niliomba benchi liwekwe nje, chini ya ukingo wa bati, na thermos ya chai. Chai inaziba midomo ya watu wengi. Pia nikaanza kuwaambia kwenye simu, kwa sauti niliyodhani ni ya kikazi, kwamba mwimbaji wa solo aje peke yake kabisa. Karibu wote walinipuuza.

Mmoja alinitii, na habari yake ndiyo hasa niliyotaka kuwaandikia.

Alinipigia mwanzoni mwa msimu wa mvua. Jina lake Kavira, mama mtu mzima wa kutoka Butembo, anauza maharagwe sokoni hapa Goma. Alisema hajawahi kuingia studio, lakini ameimba katika kwaya ya parokia tangu utoto, na sasa ametunga wimbo wake mwenyewe. Mama yake alikuwa amefariki Butembo. Kavira hakufika kwenye mazishi, kwa sababu njia ilikuwa imefungwa. Jumamosi ya wiki ile familia ingekusanyika baada ya misa ili kumaliza kilio, na njia ilikuwa bado imefungwa.

"Niliwaambia, kama mimi siwezi kufika, wimbo yangu itafika," akasema. "Watauweka mu baffle, ile spika kubwa, pale mu kiwanja ya mama, batu yote basikie. Sasa nipatie saa, mutoto wangu. Mbele ya Jumamosi."

Nilikuwa na kimya kimoja tu, asubuhi ya Alhamisi. Nikampa. Nilipokata simu nikaanza kujiuliza kama Alhamisi haiko karibu mno na Jumamosi, kama mtandao utakubali kutuma, kama nimemweleza vizuri mahali pa kushukia pikipiki. Nikampigia kumweleza. Nikampigia mara ya pili kuomba radhi kwa kumpigia mara ya kwanza.

Alhamisi alikuja kabla ya wakati, amevaa kitenge kipya cha rangi ya buluu. Nikaangalia nyuma yake barabarani.

"Wengine wako njiani, mama?"

"Wengine gani?"

"Wenye kukusindikiza."

"Si ulisema solo? Nimekuya solo." Akaketi kwenye benchi lile refu, katikati, mkoba wake mapajani. Benchi halijawahi kuonekana refu namna ile. Nikammiminia chai, nikammiminia tena kabla hajamaliza ya kwanza.

Alibadilisha kitenge bila neno, akaingia chumba cha sauti. Papa Deo akamvalisha spika za masikioni, akarudi upande wetu wa kile kioo kinachotutenga na mwimbaji, akaketi kwenye kinanda chake kidogo. Mtakuta tunafanya hivyo na wote wasio na mpigaji: mwimbaji anaimba mara moja hivi hivi, Papa Deo anamtafutia akodi za kumsindikiza, halafu kazi inaanza.

"Mama, utaimba ku ton gani, ya juu ama ya chini?"

"Sijuwe ton, papa. Chef wa chorale njo alikuwaka anatupa."

"Haina shida. Imba tu."

Kavira akaimba. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya chini, nzito kidogo, sauti ya mtu anayejua pa kuvuta pumzi. Maneno yalikuwa ya kumshukuru mama aliyeacha jiko likiwaka na watoto wakishiba. Lakini wimbo wenyewe haukuwa na njia. Mstari ulianza chini, ukakaa pale pale kama mtu anayesubiri pikipiki, ukapanda kidogo, ukarudi. Mwisho wa mstari haukutua. Kabla ya kila ubeti alikuwa akinyamaza, anatikisa kichwa polepole, halafu anaingia amechelewa. Papa Deo alimfuata kwa kinanda huku na huku. Alijaribu akodi moja, akaiacha. Akajaribu juu, Kavira akabaki chini. Akaanza upya mara kadhaa, na kila mara Kavira aliimba vile vile kabisa, bila kukosea, wimbo ule ule usiokwenda popote.

Papa Deo akaondoa mikono kwenye kinanda. "Huyu mama anaimba muzuri," akaniambia. "Lakini wimbo haiko. Iko na maneno, iko na sauti, wimbo njo haiko."

"Tufanye nini, papa?"

"Aende ajifunze kwanza. Mupangie wiki yenye kukuya."

Wiki ijayo ilikuwa baada ya Jumamosi. Nilimkumbusha. Akasema anajua, lakini hatatoa kitu kama kile kikachezwe mbele ya watu na padri, wakauliza kimetoka studio gani. Hakusema kwa ubaya. Jina lake liko kwenye kila wimbo unaotoka pale, naye hana jina jingine. Nyuma ya kioo Kavira alikuwa akitutazama midomo. Hakutusikia, lakini hakuhitaji kusikia. Akaanza kujivua zile za masikioni, taratibu, kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha chombo cha jirani.

Mimi nilikuwa bado nasikia ule mstari kichwani. Nilikuwa nimeimba kwaya kwa masista miaka yangu yote ya sekondari, na sikuwahi kusimama upande wa mbele. Ninajua maisha ya kukaa kwenye noti moja mstari mzima, huku wasichana wa sauti ya kwanza wanatembea juu yako wanavyotaka. Ninajua kusubiri waanze ndipo uingie. Nikahisi najua nilichosikia, na papo hapo nikaogopa kukijua. Nikikosea, nitakuwa nimemwambia mama aliyefiwa kwamba wimbo wake ni nusu. Nikipatia, nitakuwa nimemwambia jambo lile lile. Tena mimi ni wa mlangoni, kazi yangu ni ubao na chai.

Kuna kitufe chekundu kwenye meza ya Papa Deo cha kuongea na aliye ndani. Sikuwahi kukigusa. Nikakibonyeza kwa nguvu mno, kikalia, na Kavira akashtuka.

"Mama, samahani. Hii si sauti ya pili?"

Akanitazama kana kwamba nimemwuliza kama ana pua. "Njo sauti yangu. Mimi naimbaka ya pili."

"Na ya kwanza, anaimba nani?"

"Masika."

"Masika ni nani, mama?"

"Yaya yangu, dada mukubwa. Iko Butembo." Kwa Wanande, watu wa Butembo, majina hayo yanatolewa kwa zamu ya kuzaliwa: Masika ni msichana wa kwanza, Kavira wa pili. Kumbe na katika kuimba ilikuwa vivyo hivyo tangu walipokuwa wakimenya viazi jikoni kwa mama yao, Masika juu, Kavira chini, wala hakuna siku walipobadilishana.

Papa Deo akainama kwenye kitufe. "Sasa wakati ulitunga hii wimbo, Masika alikuwa wapi?"

"Butembo. Nilitunga mu soko, peke yangu."

"Na sauti ya kwanza?"

Kavira akafikiri. Nikaona uso wake ukibadilika polepole, akielewa alichokuwa akikifanya. "Mu kichwa yangu naisikiaka yote mbili," akasema. "Naye iko anaimba, nami niko naimba. Sikujuwa kama ninyi hamumusikie."

Papa Deo akaketi. Akajifuta uso kwa kiganja. Kisha akawa fundi tena, na hapo ndipo mtakapompenda, kwa sababu akiwa na shida ya kweli hanung'uniki. Alimwomba Kavira aigune ile sauti ya Masika, bila maneno, jinsi anavyoisikia. Kavira akaiguna. Ilikuwa wimbo mwingine kabisa! Ilipanda, ikapinda, ikatua mahali pake, na akodi zote ambazo Papa Deo alikuwa amezitafuta asubuhi nzima zikajileta zenyewe chini ya vidole vyake. Akairekodi ile miguno pamoja na kinanda.

"Bon," akasema, amefurahi. "Sasa tunafanya hivi. Unaimba ya kwanza, na maneno. Halafu unaimba ya pili yuu yake. Mashine itakufanya mukuwe wawili. Wimbo kamili."

Kavira akajaribu. Aliimba mistari miwili ya juu kwa maneno, akasimama.

"Hapana, papa."

"Ilikuwa muzuri, mama!"

"Hii ni ya Masika. Nikiimba yake, yeye pale ataimba nini?"

Papa Deo akanitazama, nami nikatazama ubao, kana kwamba jibu limeandikwa pale kati ya Jumatano na Ijumaa. Nilikuwa nimewaza tayari, lakini nilikuwa pia nimewaza sababu zote kwa nini ni wazo baya: watu wa Butembo watafikiri wimbo umeharibika, Masika atakuwa analia na hataweza kuimba, ataudhika kwamba hakuambiwa, baffle itapiga kelele. Nikasema hivyo hivyo, wazo na sababu zake zote pamoja. Turekodi sauti ya pili peke yake. Pa Masika paachwe wazi.

"Batu batasema studio yangu ilitoa nusu ya wimbo," Papa Deo akasema.

"Ndiyo, papa."

"Batauliza nusu ingine iko wapi."

"Iko pale Butembo," Kavira akasema nyuma ya kioo. Nilikuwa nimesahau kuachia kitufe.

Papa Deo akasogeza kiti chake karibu na meza. "Basi. Lakini kama ni nusu, itakuwa nusu safi."

Ndipo mulini ikawaka.

Nilitoka mbio bila viatu. Mama wa mulini alikuwa na foleni ya wanawake wenye ndoo za mihogo, na uso wake ulikuwa mweupe kwa unga. Nikamweleza huku ninahema: kuna mama ndani, anaimbia mama yake, kilio kinamalizwa Jumamosi, hawezi kwenda.

"Alifiwa, na muko namuimbisha peke yake?" akaniuliza. "Weye mutoto, uko na akili?" Akazima mashine. Akageukia foleni. "Ba mama, unga haitakimbia. Twende."

Wakaja wote. Walikaa kwenye benchi, waliokosa nafasi wakaketi juu ya mawe, ndoo zao miguuni, na wala sikuwaambia wasikohoe. Ndani ya studio Papa Deo alimpa Kavira miguno ya Masika masikioni, sauti ya chini, ya kumwongoza. Kavira akafumba macho. Mara hii hakuchelewa kuingia. Aliimba ya pili kuanzia mwanzo hadi mwisho kama mtu anayetembea na mwingine mkono kwa mkono, na palipohitajika kungoja alingoja, akitabasamu kidogo, na mahali pamoja akatikisa kichwa kama kumkaripia mtu.

Alipomaliza, Papa Deo alimwuliza kama abakishe na ile miguno kwa chini, endapo dada yake atashindwa. Kavira akasema aifute. Akaifuta, akabakisha kinanda.

Kavira alipotoka nje alikuta wanawake asiowajua wamejaa barazani, nao wakasimama. Mama wa mulini akamshika mkono kwanza, akampa pole ya mama yake, na wengine wakafuata mmoja mmoja, na kitenge cha studio kikajaa alama za vidole vya unga. Mtaziona bado upande wa bega. Nilikifua, hazikutoka zote, nami sikusugua sana.

Tulituma wimbo kwa simu ya Masika, na maneno machache ya Kavira mbele yake: "Yaya, hii ni yangu. Yako iko kwako." Ijumaa hakuna jibu. Jumamosi hakuna jibu. Nilishinda siku ile nikiangalia simu yenye kioo kilichopasuka, ingawa hakuna mtu Butembo aliyekuwa na namba yetu. Nikawaza kwamba wamecheza nusu ile mbele ya watu, wakatazamana, padri akajifanya hajasikia. Nikawaza Masika amekaa kwenye kiti chake, amekasirika. Jumapili katika misa niliwasikiliza wa sauti ya pili peke yao, nikapotea, nikasimama wakati wengine wamepiga magoti.

Jumatatu asubuhi Kavira akaingia bila kupiga simu kwanza. Alikuwa na simu mkononi. Hakutusalimia. Akaiweka juu ya meza ya Papa Deo, kati ya vitufe vyake, akabonyeza.

Kwanza ilikuwa kelele: watu, sahani, kuku, mtu anasema nyamazeni. Kisha kinanda cha Papa Deo kwenye baffle yenye kukoroma, na kisha sauti ya Kavira, ya pili, peke yake, ikitembea chini kama ilivyotembea ile Alhamisi. Mstari mzima ukapita hivyo. Wa pili ukapita nusu. Mtu mmoja akauliza kwa Kinande, Kavira akatutafsiria: anauliza kama baffle imekufa upande mmoja. Papa Deo akafunga macho.

Halafu mwanamke akaanza kuimba. Hakuwa karibu na simu, alikuwa mbali, labda alikuwa ameketi au anatoka jikoni, na sauti ikakaribia huku anaimba. Ilikuwa ile ile aliyotugunia Kavira, na ambayo hakuna aliyekuwa amemwimbia, lakini kubwa, yenye mikwaruzo, na hakujua maneno yote, akayatunga mengine palepale. Katika ubeti wa tatu watu waliokuwa wakiongea wakanyamaza. Katika ule wa mwisho wakaingia wengine, na hapo sikuweza tena kutofautisha nani yuko Butembo na nani yuko kwenye baffle. Papa Deo, ambaye hukataa wimbo kwa sababu ya kiti kilicholia, hakusema lolote kuhusu yule kuku.

Wimbo ukaisha. Simu ikaendelea. Tukasikia pumzi karibu sana, na sauti ya Masika, ya kuongea sasa, ikasema:

"Kavira. Ile pahali ya pili ulinivuta nyuma. Mama angekuwako angekuchapa. Tuanze tena."

Kavira akaangua kicheko, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Anadanganya! Yeye njo alikimbia, anakimbiaka tangu zamani!" Akaichukua simu mezani, akabonyeza pa kumjibu, akaileta karibu na mdomo. Lakini hakuongea. Alivuta pumzi, akaimba ule mstari wa pili, taratibu, kumwonyesha dada yake ulivyo.

Papa Deo akasimama, akaenda kwa vidole vya miguu, akafunga mlango ili pikipiki za barabarani zisiingie.